Maji ya Saa Nane Mchana

Msichana alileta sweta moja tu, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi. Nina duka la udobi hapa Ipagala, mashine nne na pasi mbili za mvuke, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo na watumishi wa serikali, watu wanaoleta mzigo wa wiki nzima na kuutupa juu ya kaunta bila hata salamu. Huyu alisema shikamoo mama, akasubiri nimwitikie, kisha akalitoa sweta lake kwa mikono miwili. Nilikuwa naandika risiti aliposema, kwa haya ya mtu aliyetumwa neno asiloliamini mwenyewe, "Samahani mama, mama yangu amesema lifuliwe asubuhi, kabla ya saa tatu. Ikishapita saa tatu, bora lilale mpaka kesho." Nikaweka kalamu chini. Nafua nguo za watu tangu nina miaka ishirini, na ni mtu mmoja tu niliyewahi kumsikia akitoa sharti hilo. Nikamuuliza mama yake ni mtu wa wapi. "Kondoa, kule Kolo." Nikamuuliza anaitwa nani, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshashika ukingo wa kaunta. "Zaituni," alisema. "Kwani unamfahamu?" Nikamwambia niliwahi kufanya naye kazi mwaka mmoja, zamani. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikuwa lote.

Mwaka huo mmoja nilikuwa kibarua katika nyumba ya wageni hapa mjini, nyumba ya vyumba kumi na viwili ambayo siku hizi imebomolewa na pamejengwa ghorofa. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, jirani na stoo ya mkaa. Sakafu yake ya saruji ilikuwa na mteremko wa kupeleka maji kwenye mfereji, na ukiingia asubuhi ulipokelewa na harufu ya sabuni ya unga na mashuka mabichi. Mashine ilikuwa moja, kubwa, yenye mlango wa kioo, ililetwa na wafadhili kabla sijafika. Upande wa kulia ilikuwa na kirungu cha kuzungusha, na kukizunguka kulikuwa na namba za joto: tisini, sitini, arobaini, thelathini, na mwisho kabisa alama ya baridi. Msimamizi wetu tulimwita Mzee Funguo, kwa sababu ya shada la funguo alilolifunga kiunoni na kulichezesha kila alipokasirika. Alikuwa ameandika karatasi kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: tisini mashuka, sitini taulo, arobaini nguo za rangi, baridi nguo laini na za sufu. Chini yake akaongeza, kwa herufi kubwa, kwamba atakayekosea namba atakosa kazi. Mimi niliipenda karatasi ile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa na cheti ndani ya bahasha, na kwangu kitu kilichoandikwa kilikuwa kimeshakwisha kubishaniwa.

Zaituni hakuiangalia karatasi ile hata siku moja. Alikuwa amenitangulia miaka sita kwa umri na mitatu kwa kazi, mwanamke mrefu wa Kirangi, darasa la saba, mwenye mikono iliyotulia. Kabla ya kuzungusha kirungu alikuwa akifungua bomba na kuacha maji yamwagikie kwenye kiwiko kwa ndani, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Mashine ikishaanza, alikuwa akipita kila baada ya muda na kuweka kiganja kwenye kioo cha mlango. "Namba inasema yake," aliniambia wiki ya kwanza, "na maji nayo yanasema yao." Nikacheka. Nikamwambia da Zai, hii ni mashine ya kisasa, haihitaji kubembelezwa kama ndama. Hakukasirika. Alinionyesha jinsi mashuka ya Julai, yaliyofuliwa kwa tisini, yalivyochukua karibu saa nzima zaidi kwa sababu maji yalishuka kutoka kwenye tenki yakiwa ya kuuma vidole. Alinionyesha pia kwamba ule mzunguko wa haraka ulikuwa mwongo. Ukiweka sitini kwa haraka, nguo zinatoka kabla maji hayajafika hata nusu ya joto, na taulo zinabaki na harufu ya jasho la mgeni. Ndani ya mashine, kwenye chuma cha kupasha maji, alinimulikia kwa tochi gamba jeupe la chumvi ya maji yetu ya Dodoma, lilelile linaloota ndani ya birika, na akasema chuma kikivaa koti hilo joto lake haliyafikii maji. Yote hayo niliyasikia kwa sikio moja. Kabla ya saa tatu asubuhi alifua nguo za sufu na vitambaa laini, na ikishapita hapo alivitundika kwenye msumari mpaka kesho yake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Maji ya mchana siyaamini." Maelezo yake yaliishia hapo, na kwangu yalikuwa ushirikina wa kijijini.

Lakini nilimpenda. Nasema hivyo sasa bila aibu, maana nimefika umri wa kujua kwamba si watu wengi mtu atawapenda hivyo. Nilianza kazi mwezi wa Ramadhani, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, na mchana nilikuwa najificha nyuma ya mlango na sahani yangu ili nisile mbele ya macho ya mwenzangu. Siku ya tatu alinivuta kutoka kule nyuma. "Wewe Mgogo, toka huko. Unafikiri ugali wako ndio utakaonitoa kwenye swaumu yangu?" Jioni alifuturu kwa uji wa uwele na tende mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa yangu. Mwezi ulipokwisha tukaanza kupika pamoja kwenye jiko la mkaa nje ya mlango: ugali wa mtama na mlenda, siku nyingine maharage, na msimu wa zabibu tulikula zile zilizopondeka ambazo wakulima waliziuza kwa kisado. Alikuwa akinisalimu kwa Kigogo, "mbukwa", kwa lafudhi ya Kirangi iliyonichekesha kila siku, na mimi nikimtania kwamba Warangi wakisafiri hubeba asali nyingi kuliko nguo. Julai, upepo wa Dodoma ulipokuwa ukipita chini ya mlango, tulisubiri mashuka yafikie tisini, kisha tukakaa sakafuni tumeiegemea mashine kwa migongo. Ilitetemeka na kutupa joto taratibu, kuanzia kiunoni mpaka mabegani. Sijawahi tena kukaa mahali nikawa na raha ile. Nina hita ya umeme chumbani kwangu, nina blanketi mbili, na bado kila Julai mgongo wangu unautafuta ule wa Zaituni kando yake.

Ukuta wa chumba cha kufulia ulipakana na sebule ya wageni, kwa hiyo mazungumzo yao yalitufikia bure. Walikuwa makarani waliokuja na bunge, walimu waliofuatilia uhamisho, wachuuzi wa samaki wa Mtera waliotakiwa kulala chumba cha mwisho kwa sababu ya harufu. Kila bunge lilipokaa tulimsikia mtu akisema serikali sasa inahamia Dodoma kweli, na mwingine akimjibu kwamba wimbo huo alianza kuusikia akiwa shule ya msingi, na kicheko kikapita ukutani. Zaituni aliwaigiza wote, sauti nene na sauti nyembamba, huku anakunja foronya. Serikali imehamia kweli sasa. Waliokuwa wanacheka wengine wamezikwa, na wengine huenda wanaleta mashati kwangu bila mimi kuwajua.

Mwezi wa Oktoba Mzee Funguo aliniita akasema nimefanya kibarua cha kutosha, na kama mwezi utaisha bila kosa ataniandikia barua ya ajira. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Juma hilohilo alifika mama mmoja kutoka Njombe, mjane, akapewa chumba namba saba. Alikuwa amekuja kufuatilia maofisini mambo ya marehemu mumewe, na alikuwa amevaa sweta kubwa la kiume, la sufu nyeupe, katika joto la Oktoba ambalo hata mbwa walikuwa wanalikimbia. Alituambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alilifuma kwa mkono mwaka walipooana, na mumewe alilivaa mpaka wiki aliyofariki. Siku ya tatu alimwagikiwa chai. Akalileta kwetu saa sita mchana, akasema anaondoka na basi la alfajiri, kama tunaweza kulifua. Zaituni alilipokea, akalilowesha mahali pa doa tu, akalitundika kwenye msumari. "Nitalifua kwa mkono usiku, maji yakishapoa," alisema. "Litakauka mpaka alfajiri kwa upepo huu." Kisha akaenda sokoni kununua sabuni.

Saa nane Mzee Funguo akapita. Akaliona sweta limetundikwa, akauliza nguo ya mgeni inafanya nini msumarini wakati mashine imekaa kimya. Ningeweza kusema da Zai amesema tusubiri. Badala yake nikasema, "Naliweka sasa hivi, baba." Nilitaka aone kwamba ninajua kazi. Nikaliingiza kwenye mashine, nikaisoma karatasi ukutani ingawa niliijua kwa moyo, nikazungusha kirungu mpaka kwenye baridi. Nakumbuka sauti yake kilipogota mahali pake, na fahari niliyoisikia. Sikuweka kiganja kwenye kioo. Kama ningekiweka ningejua. Mashine iliposimama na nikafungua mlango, mvuke ulinipiga usoni, na kilichotoka mle ndani kilikuwa kidogo na kigumu, kimejikunyata, mikono yake imesimama yenyewe. Nikakivuta huku na huku. Nikakilowesha tena. Nilikuwa bado nakivuta mama wa Njombe alipoingia kuuliza kama limekauka.

Hakupiga kelele. Alilichukua akaliweka kifuani kwake kulipima, na likamfika mbavuni kama nguo ya mtoto wa darasa la kwanza, ndipo akaanza kulia, kilio cha chini kilichomfanya ashike ukuta. Mzee Funguo akaja. Zaituni akaja nyuma yake, mfuko wa sabuni bado kichwani. "Nani amelifua?" aliuliza Mzee Funguo, na funguo zikaanza kucheza. Aliniangalia mimi, akanisogelea hatua moja. Mdomo wangu ulifunguka. Zaituni akatua mfuko chini akasema, "Ni mimi, baba." Mzee Funguo alikuwa na macho, aliniona saa nane nikiwa na sweta mkononi, lakini alikuwa pia ndiye aliyeuliza kwa nini halijafuliwa, na nadhani jibu lile lilimfaa na yeye. Alimwambia akusanye vitu vyake. Mimi nilitazama mteremko wa sakafu, maji ya sabuni yalivyokuwa yanaelekea kwenye mfereji. Hatukuagana. Mwisho wa mwezi niliandikiwa barua yangu ya ajira.

Wiki mbili baadaye fundi alikuja kubadilisha chuma cha kupashia, na nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, inakuwaje mashine iwekwe kwenye baridi na kutoa maji ya moto. Alinitazama kwa huruma. "Dada, mashine haina friji. Ina hita tu. Ukiiweka kwenye baridi maana yake umeiambia isiwashe hita, basi. Maji yanaingia jinsi yalivyokuja." Akanitoa nje akanionyesha kwa bisibisi: tenki jeusi juu ya mnara wa chuma, jua la Oktoba juu yake tangu asubuhi, na bomba la chuma lililopita juu ya mabati mpaka ukutani kwetu. "Saa nane mchana hapa kwenu," alisema, "baridi ni ya moto kuliko arobaini." Alipoondoka nilifungua bomba nikaweka kiwiko, na nikakiondoa haraka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Nimewafundisha wasichana wengi kazi hii tangu hapo, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo la fundi. Wanaandika kwenye simu zao. Wanafikiri ni somo la mashine. Sijawaambia nililipata kwa gharama gani, na kwa nani. Niliandika barua mbili kwenda Kolo, zote nikazichana. Baadaye simu za mkononi zilikuja, na watu waliopoteana tangu utotoni wakawa wanapatana kwa siku moja, na mimi sikumtafuta. Nilikuwa nimejitengenezea hadithi ya kunitosha: kwamba palikuwa na mtu aliyenipenda mpaka akaitoa kazi yake kwa ajili yangu. Nilipokuwa mpweke, na nimekuwa mpweke sana, niliitoa hadithi hiyo nikajifunika nayo. Deni la namna hiyo mtu hataki kulilipa, maana akilipa atabaki na nini.

Sweta la msichana nililifua mwenyewe kwa mkono saa moja na nusu asubuhi. Alipokuja kulichukua alinipa namba ya mama yake, na Zaituni alipopokea hakushangaa hata kidogo. "Mbukwa," alisema, lafudhi ileile. Jumamosi nikapanda basi la Kondoa. Lami imefika, safari niliyoiogopa miaka ishirini na saba ilichukua asubuhi moja. Alinipokea barabarani Kolo, amenenepa kidogo, anatembea kwa kuegemea upande mmoja, na alinikumbatia mpaka mkoba ukaanguka. Anauza nafaka, ana wajukuu wawili, mumewe yuko shamba. Tulikaa ukumbini mwake kwenye mkeka, akaleta ugali wa uwele na kuku wa kienyeji kwenye sinia moja, na tulikula kama zamani, yeye akinisogezea minofu. Tulimcheka Mzee Funguo. Tuliwacheka wauza samaki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya goti langu muda wote, na nilijua nisiposema wakati huo sitasema tena.

"Da Zai, lile sweta," nilisema. "Ulijitoa kwa ajili yangu nami nikanyamaza. Nimekuja kukushukuru, na kukuomba msamaha."

Aliacha kutafuna. "Nani alikwambia nilijitoa?" aliuliza, bila ukali wowote. "Yusta, mimi sikujitoa. Yule mama analia, mzee anakusogelea, na wewe unatetemeka kama kifaranga. Nikasema ni mimi ili upate kupumua. Ukishapumua, useme. Nilijua utasema. Nilifungasha, nikakaa pale nje getini na kifurushi changu. Mlinzi ananiambia dada nenda, namwambia subiri, mdogo wangu anakuja. Nikasali alasiri palepale kwenye khanga. Jua lilipoelekea kuzama ndipo nikaondoka." Akatikisa kichwa, akatabasamu, akanipigapiga gotini. "Nikajiambia, maskini, hajui kama nipo hapa nje. Anadhani nimeshakwenda. Angejua angekuja. Hilo ndilo lililonituliza moyo. Usijisumbue na msamaha, hukujua."

Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa ameshanisamehe, chakula kilikuwa bado cha moto. Lakini chumba kile cha kufulia kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama ubavuni mwa nyumba mpaka getini, na jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu, wala sikuliandika katika kurasa hizi mpaka nilipofika hapa. Mchana ule nilikunja mashuka mbele ya dirisha hilo mpaka jioni. Nilimwona akikaa juu ya kifurushi. Nilimwona akitandika khanga, akisujudu, akiinuka, akikaa tena na kuugeukia mlango wa nyumba kila ulipofunguka. Nilijiambia anasubiri gari, na barabara ile haikuwa na gari lolote la kusimama pale.

"Nilikuona," nilimwambia.

Zaituni alinitazama. Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya ghala, na binti yake mwingine alikuwa akiita mtu kwa Kirangi. "Uliniona," alisema polepole, kama anayejaribu uzito wa neno. Kisha akauondoa mkono wake gotini kwangu, akaufuta kwa upindo wa khanga ingawa haukuwa na kitu, na akalisogeza sinia upande wangu. "Kula," alisema. "Chakula kinapoa." Nikala peke yangu.